Shujaa Mwislamu na kofia isiyoruhusu sijda

Kwenye vibanda vya kuingiza muvi kwenye flashi pale Majengo, Dodoma, mabishano kuhusu mashujaa wa katuni wa Marekani yana pande mbili. Wapo wanaosema kampuni zinapachika Uislamu kwa shujaa wa zamani ili ziuze zaidi. Wapo wanaojibu kwamba hatimaye na sisi tumo. Filamu ya The Marvels ilipoanguka sokoni Novemba 2023, ikaingiza takribani dola milioni 206 dunia nzima huku gharama za kuitengeneza tu zikiwa zimepita dola milioni 200, upande wa kwanza ulijitangazia ushindi. Mmoja wa mashujaa watatu wa filamu hiyo ni Kamala Khan, binti Mwislamu wa Jersey City, basi ikahitimishwa kwamba kijana Mwislamu hauziki. Naona wote wanabishania kava. Jina la shujaa, hijabu yake, rangi ya ngozi yake, hivyo ndivyo vitu vyepesi kubadilisha, na mchoraji yeyote anavimaliza kwa siku moja. Kinachoamua kama kumfufua shujaa wa zamani kumefaulu ni kama nguvu alizorithi zinagongana na wajibu wake wa kila siku: swala, shule, wazazi. Zisipogongana hakuna hadithi. Na kwa kipimo hicho, mfano wa kuchambua ni Doctor Fate, shujaa mchawi wa kampuni ya DC ambaye wengi hapa hawamjui, kabla ya Kamala.

Kwanza tuelewe kwa nini kampuni zinafanya hivi, maana sababu yenyewe haina utukufu wowote. DC na Marvel zinamiliki maelfu ya wahusika waliobuniwa tangu miaka ya 1930 na 1940. Jina la biashara lisipotumika linaweza kupotea, na shujaa mkubwa kama Batman hawezi kuguswa sana bila wasomaji kupiga kelele. Shujaa mdogo ndiye anayefaa kufanyiwa majaribio, kwa kuwa akifeli hasara ni ndogo, na akifaulu kampuni imepata mali mpya kwa jina la zamani. Jina la Ms. Marvel lilianza na Carol Danvers mwaka 1977. Mwaka 2012 Carol akapandishwa kuwa Captain Marvel, jina likabaki wazi, na mwaka 2014 akapewa Kamala. Waliomtengeneza, mhariri Sana Amanat, mwandishi G. Willow Wilson na mchoraji Adrian Alphona, walikabidhiwa jina lisilo na mwenyewe. Biashara ilifungua mlango. Kilichoingia ndani kilitegemea waandishi.

Na kilichoingia kilikuwa kizuri. Toleo la kwanza halifunguki kwa vita. Kamala yuko dukani ananusa sandwichi ya nguruwe asiyoruhusiwa kuila. Nguvu zinapompata, jambo la kwanza linalomtokea bila kukusudia ni kugeuka Carol: mrefu, nywele za dhahabu, vazi la kubana. Muda si mrefu anagundua nywele zinamwingia machoni na vazi linamkera. Nguvu yake ni kubadili umbo, naye ni binti wa miaka 16 asiyejua awe na umbo gani. Tatizo la nguvu na tatizo la umri ni kitu kimoja. Vazi lake mwenyewe analitoa kwenye burkini, vazi la kuogelea la kusitiri mwili, aliyonunuliwa na mama. Kuna pia ukurasa anapopelekwa kwa Sheikh Abdullah akitarajia kugombezwa. Sheikh hamgombezi. Anamwambia kwamba kama ataendelea na hilo asilotaka kulisema, basi alifanye kwa tabia njema na atafute mwalimu. Mtu yeyote aliyekaa madrasa anamtambua sheikh wa aina hiyo, yule anayekujibu jambo ambalo hukumuuliza. Juzuu ya kwanza ilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015, na hakuna aliyeweza kusema imeipata kwa huruma.

Televisheni ilipomchukua Juni 2022 kwa vipindi 6, nguvu ya kubadili umbo ikaondolewa. Badala yake akapewa bangili ya urithi inayotoa mwanga mgumu, iliyofungamanishwa na mgawanyiko wa India na Pakistan wa 1947. Historia ile ilistahili kusimuliwa, na msikiti wa kwenye vipindi hivyo umeonyeshwa vizuri, mpaka viatu vya rafiki yake Nakia vinaibwa mlangoni, jambo ambalo halihitaji tafsiri kwa msomaji wa hapa. Lakini kiungo kati ya nguvu na umri kilikatika. Binti anayerusha ngao za mwanga anaweza kuwa binti yeyote. Kwa hiyo anayetumia The Marvels kama ushahidi anapima nakala ya nakala, tena iliyotegemea mtazamaji awe ameshaona filamu moja na mifululizo miwili ya televisheni kabla ya kuingia ukumbini. Mzigo huo ungemshinda shujaa wa dini yoyote.

Sasa Doctor Fate. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1940 kwenye More Fun Comics namba 55, kazi ya mwandishi Gardner Fox na mchoraji Howard Sherman: mchawi mwenye kofia ya dhahabu iliyofunika uso mzima, bila maelezo ametoka wapi. Asili yake ilielezwa mwaka 1941. Mtoto Kent Nelson yuko Uru na baba yake, mwanaakiolojia. Wanafungua kaburi la mwenye hekima aitwaye Nabu, gesi inamuua baba, na Nabu anamlea mtoto. Jina Nabu ni la mungu wa maandishi wa Babeli, Uru iko Iraki, na alama ya shujaa huyu ni ya Misri ya kale. Wachora katuni wa wakati ule walichanganya vyote kwenye sufuria moja, na wasomaji wakala. Cha muhimu ni sheria ya kofia, iliyojengwa baadaye: anayeivaa anapata uwezo mkubwa, lakini kwa kiasi fulani si yeye tena, kwa sababu Nabu anasema kupitia kwake.

Mwaka 2015 Paul Levitz na mchoraji Sonny Liew wakampa kofia hiyo Khalid Nassour, kijana wa Brooklyn anayeanza masomo ya udaktari. Baba yake ni Mmisri Mwislamu anayeendesha teksi, mama yake ni Mmarekani asiye Mwislamu. Paka-mungu Bastet anamchagua, na adui wake ni Anubis, anayetaka kuisafisha dunia kwa mafuriko. Mfululizo ulikwenda matoleo 18, ukaisha mwaka 2016.

Malalamiko dhidi ya Khalid ni ya aina tatu, na hayana uzito sawa. La kwanza ndilo dhaifu kuliko yote: kwamba wameharibu urithi, kwamba Doctor Fate ni Kent Nelson na basi. Anayesema hivi hakuwahi kumfuatilia Doctor Fate. Mwaka 1987 kofia ilivaliwa na mtoto wa miaka 10, Eric Strauss, aliyekuzwa ghafla kuwa mtu mzima na kuungana na mama yake wa kambo Linda ili wawe shujaa mmoja. Baadaye mke wa Kent, Inza, akaibeba. Mwaka 1999 ikaenda kwa Hector Hall. Hata kofia yenyewe ilikatwa nusu mwanzoni mwa miaka ya 1940 ili mdomo uonekane, kisha ikarudishwa nzima. Kofia inayorithishwa ndiyo hadithi yenyewe. Watu walivumilia mtoto na mama wa kambo kuwa mwili mmoja, wakaja kushtuka kwa mwanafunzi anayeitwa Khalid. Hapo hawatetei urithi.

Lalamiko la pili ni la soko: matoleo 18 ni machache. Ni machache kweli, ila lazima uyalinganishe na kitu. Katikati ya 2015 DC ilizindua mifululizo mipya mingi kwa pamoja, na mingi ilikufa kabla ya mwaka kwisha au DC iliposafisha meza katikati ya 2016. Khalid alivuka safisha hiyo kwa miezi kadhaa, na baadaye akahamia kwenye kundi la Justice League Dark. Kwa shujaa wa daraja la tatu hayo si mazishi. Ninachokubali ni kwamba mwendo wa hadithi ulikuwa mzito, na vita na Anubis vilichukua nafasi kubwa mno kwa kijana ambaye maisha yake ya kawaida yalikuwa na ladha zaidi. Baba dereva, mtihani wa anatomia, mama mwenye imani nyingine: hayo ndiyo yalipaswa kula kurasa.

Lalamiko la tatu linatoka misikitini, na hili silipuuzi. Kijana Mwislamu anavaa kofia inayomruhusu kiumbe wa kale aseme kupitia kinywa chake, na aliyemkabidhi ni sanamu la paka. Sheikh yeyote wa mitaa ya Kikuyu au Chang'ombe hapa Dodoma atauliza palepale: hiyo si shirki, yaani kumshirikisha Mungu? Waliowahi kujaribu njia nyingine nao hawakupona. Naif Al-Mutawa wa Kuwait alianzisha The 99 mwaka 2006, mashujaa waliojengwa juu ya sifa 99 za Mwenyezi Mungu, akakwepa kabisa kuonyesha swala na Kurani ili asimuudhi mtu. Bado alipingwa na baadhi ya wanazuoni wa Ghuba. Kukwepa hakukumletea amani na kulimnyima mgongano. Kosa la Doctor Fate ya 2015, kwa maoni yangu, ni kwamba swali la shirki liliguswa juu juu, kana kwamba ni la kando, wakati lenyewe ndilo lilikuwa mgodi.

Angalia kofia yenyewe kwa macho ya fiqhi, yaani sheria ya ibada, ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi hii. Udhu unataka uso uoshwe wote na sehemu ya kichwa ipakwe maji. Kofia lazima itoke. Sijda inataka paji la uso liguse chini bila kizuizi. Kofia lazima itoke. Maana yake ni kwamba mara tano kwa siku Khalid analazimika kuwa Khalid peke yake, bila Nabu, bila kinga. Mwandishi hakuhitaji kubuni udhaifu wa shujaa, sheria ilishampa. Adui mwenye akili angejifunza nyakati za swala. Hapa Dodoma, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, Magharibi huingia kati ya saa 12:25 jioni na saa 1:05 usiku mwaka mzima, na kutoka hapo mpaka Isha hupita muda wa saa moja na dakika chache. Dirisha ni jembamba na halihami sana, kwa hiyo linafaa sana kujengea taharuki. Rukhsa zipo pia, na mwandishi anayezijua anapata mizunguko mipya ya kisa. Msafiri anayevuka umbali wa kama kilomita 80 anaruhusiwa kupunguza na kujumuisha swala, na Dodoma hadi Kondoa ni karibu 160. Shujaa anayeruka angani kwenda Kondoa ni msafiri au si msafiri, kama safari ni ya dakika 4? Wanafunzi wa madrasa wangebishana juu ya ukurasa huo wiki nzima, na wangelinunua toleo linalofuata.

Ndiyo maana nasema kanda hii ina nafasi ambayo Brooklyn haina. Kolo, kaskazini ya Kondoa, michoro ya miambani imeingizwa kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, zaidi ya mapango 150 yenye watu na wanyama waliochorwa hasa kwa rangi nyekundu. Pango la Mongomi wa Kolo halijawahi kuwa makumbusho tu. Watu wa pale wameendelea kulitumia kwa matambiko ya mvua na ya kuponya, mpaka wahifadhi wakalalamika kwamba pombe ya mtama inayonyunyizwa inadhuru michoro. Na Kondoa ni nchi ya Warangi, Waislamu kwa sehemu kubwa, wenye misikiti ya miaka mingi. Swali la Khalid, yaani nguvu ya kale kwenye mikono ya mtu anayeswali, kule halijatungwa na mtu. Familia zinaishi nalo, zingine zinalikemea, zingine zinanyamaza. Familia ya baba Mwislamu na mama Mkristo, ambayo Marekani ilibidi ielezwe ndani ya kisa, huku haihitaji hata sentensi moja: mchore mjomba mwenye kola ya uchungaji akisubiri futari sebuleni, msomaji ameshaelewa.

Chukulia binti wa Kolo anayesoma udaktari Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), aliyerithi kitu kutoka kwa bibi yake. Kwanza, kitu hicho kisiwe hirizi wala kitu cha ibada, kwa sababu hapo umeshaamua jibu la swali kabla ya kuliuliza. Kiwe kitu cha kazi: jiwe la kusagia rangi, kwa mfano. Pili, gharama ya kukitumia iangukie kwenye ratiba yake, zamu ya wodini au swaumu ya Ramadhani, wala isiwe maumivu ya kichwa tu kama kwenye muvi. Tatu, asipatikane mtu mmoja mwenye jibu sahihi. Sheikh aseme lake, bibi aseme lake, na wote wawili waandikwe kama watu wenye akili. Kosa linalojirudia kwenye kazi za aina hii ni sheikh mkali wa kupigwa na bibi mwenye hekima wa kusikilizwa, au kinyume chake kwa waandishi wacha Mungu. Yote mawili yanaua kisa kwenye ukurasa wa 5.

Kwenye karatasi yenyewe mambo yanakwama mahali pasipotarajiwa. Toleo la Marekani huwa na kurasa 20 za hadithi, na idadi hiyo inatufaa: karatasi 5 za A4 zilizokunjwa na kupigwa pini katikati zinatoa kurasa 20 za A5, kava ikiwa ya sita. Ila anayechora kwa A4 kisha akapunguza kuwa A5 anapoteza karibu theluthi moja ya urefu wa kila kitu. Herufi ya pointi 11 inashuka chini ya 8, na mstari wa kalamu ya milimita 0.3 unabaki 0.2, ambao mashine nyingi za kudurufu zinaumeza. Chora fremu 4 au 5 kwa ukurasa, usifike 7. Kiputo kimoja kisizidi maneno 15, kwa kuwa neno kama "hawakunisikiliza" linajaza mstari peke yake na ukilikata katikati msomaji anajikwaa. Udongo mwekundu wa Dodoma ukichapwa kwa rangi nne unageuka tope mara moja samawati ikizidi. Iache ifike sifuri au karibu, utegemee nyekundu na njano. Hijabu ndiyo inayomuumbua mchoraji asiyetazama: mikunjo huanzia kwenye pini chini ya kidevu na kwenye bega, haiteremki sawasawa pande zote kama pazia, na binti akikimbia upande mmoja hurudi nyuma wakati mwingine umebanwa na mkono.

Na jambo moja ambalo mhariri wa New York asingeliwaza: usiandike aya wala jina la Mwenyezi Mungu kwa herufi za Kiarabu ndani ya fremu, hata kama ni bango la msikitini nyuma ya wahusika. Magazeti na majarida ya nchi hii huishia kufungia karanga na maandazi. Aya kwenye karatasi yenye mafuta itakuletea ugomvi wa haki kabisa, na hutakuwa na la kujitetea. Chora mnara, chora mswala, chora foleni ya ndala mlangoni. Inatosha.

Wapo watakaouliza kwa nini tusimchukue Doctor Fate mwenyewe tumlete Dodoma. Kwa sababu ana mwenyewe. Kazi ya 1940 inatoka kwenye hakimiliki ya Marekani tarehe 1 Januari 2036, na hapo ni yale tu ya 1940. Nabu na asili ya 1941 vinasubiri hadi 2037, na jina kama alama ya biashara linaendelea kulindwa. Kwetu sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo hata anayetamani kumfufua Ndumilakuwili, mhusika wa katuni za jarida la Sani, aanze kwa kuwatafuta warithi. Liyongo Fumo yuko huru, na kifo chake kwa sindano ya shaba kitovuni ni udhaifu wa supahiro uliokamilika, ila yeye ni wa pwani ya Lamu na Pate, na kumleta Kondoa kutahitaji sababu ndani ya kisa.

Michoro ya Kolo yenyewe haina mtunzi wa kudai, lakini hilo lisimpe mtu ruhusa ya kuinakili fremu kwa fremu. Anayetaka kuitumia aanzie ofisi ya uhifadhi pale Kolo, barabara ya Babati, apande na mwongozaji hadi mapangoni, kisha akae na wazee wa kijiji awaulize ni yapi ya Mongomi yanaweza kuonekana kwenye kitabu cha kuuzwa na yapi hayawezi. Wakisema tambiko fulani lisichorwe, abuni lake.